YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA ISIYOWAKA YENYEWE UMEME UNAPORUDI

Meneja Mauzo,
Duka la Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi nilinunua kwenu kompyuta ya mezani ya mtumba kwa ajili ya kurekodi kamera za ghala langu la mahindi Kibaigwa. Kabla sijatoa hela nilimweleza kijana wenu wa mauzo kwamba naishi Dodoma mjini, ofisi ya ghala hufungwa jioni na mlinzi hana ufunguo wake. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku na kurudi, mashine iwake bila mtu. Akajibu, "Hilo dogo, bosi," akaiweka mipangilio mbele yangu. Kwenye risiti kaandika kabisa: "inajiwasha umeme ukirudi."

Haijiwashi. Mara nyingine inakaa kimya kabisa. Mara nyingine feni zinavuma na taa inawaka, lakini kioo kinaganda kwenye maandishi meupe yanayosubiri mtu abonyeze F1. Mtu huyo hayupo. Mpaka karani afungue asubuhi, kamera zimekaa bure usiku kucha na magunia tunayahesabu kwa imani.

Fundi wa hapa aliifungua, baada ya ninyi kuniruhusu kwa simu kubandua kibandiko chenu cha waranti. Betri ya saa, ile ya kidonge ya CR2032 ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3, ilisoma chini ya volti 2. Ndiyo maana saa ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi na mipangilio ya kijana wenu inafutika. Dukani ilionekana nzima kwa sababu mliizima kwa kitufe tu, waya ukiwa bado ukutani. Umeme mdogo unaoendelea kuingia ndio uliokuwa unashikilia kumbukumbu. Mngeiacha imechomolewa usiku mmoja mngeliona tatizo wenyewe. Kuuza mashine kwa kazi kama hii bila jaribio hilo ni uzembe, sina neno la upole zaidi.

Betri ni kitu cha bei ndogo, nimenunua mpya, wala siwadai. Kinachonikera ni feni ya nyuma. Iliyomo si yake ya asili: ina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, wakati soketi kwenye bodi kuu ya kompyuta ina pini tatu, na waya wa tatu ndio unaopeleka taarifa ya mwendo. Bodi isipopata taarifa hiyo inaamini feni imekufa, inasimama na kudai F1 kila inapowaka. Tumepekua mipangilio yote, hamna pa kuiambia ipuuze. Na kibandiko chenu kilikuwa hakijaguswa, kwa hiyo feni hiyo imefungwa kwenu.

Nilipopiga simu niliambiwa ninunue UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na kwamba mashine ya zamani ina mambo yake. UPS itabeba dakika kadhaa. Umeme ukikatika kwa saa nzima chaji yake inaisha, tunarudi pale pale kwenye F1. Uzee nao si hoja. Mashine ya miaka 10 inaiweza kazi hii ikiwa imefungwa vifaa vyake.

Naomba ndani ya siku 14 mnitumie feni ya nyaya tatu inayolingana na bodi hiyo pamoja na malipo ya fundi, au mnibadilishie mashine, iliyojaribiwa kwa kuchomolewa waya ukutani. Ikishindikana nirudishieni hela yangu, na nauli ya kuisafirisha hadi Kariakoo iwe juu yenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya kifaa na kuutegemea utaalamu wake. Siku hizo zikipita kimya nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Naambatanisha nakala ya risiti, picha ya kioo na picha ya feni.

Wako,
Mteja, Kibaigwa.