Mshauri wa jirani au wa Kilimani kwa binti wa miaka 16?

Shikamoo Shangazi,

Nina binti wa miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mtihani ukikaribia kifua kinambana, mikono inatetemeka, anaomba abaki nyumbani. Daktari alianza kwa kumpima damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi pia hufanya moyo uende mbio. Hakupata kitu. Hajiumizi wala hazungumzii kufa. Lingekuwepo hilo tungekuwa hospitalini, si kwenye barua. Kwa hiyo tunamtafutia mshauri, na tumekwama kati ya wawili.

Wa kwanza ni mama mmoja hapa Donholm, shilingi 2,000 kwa kikao. Binti anaweza kupitia kwake kwa miguu akitoka shule. Ila tunasali naye kanisa moja, wateja wake wengi ni wanandoa, na amesema waziwazi kwamba chochote atakachoambiwa na mtoto atatueleza. Baba yake kafurahi. Mimi naona mtoto akishajua hivyo atasema yale tu yanayofaa masikio ya wazazi. Tena mama huyo anashauri apumzike nyumbani wiki kadhaa hadi hofu iishe. Hapo ndipo ninapotia shaka kubwa. Hofu ya aina hii hulishwa na kukwepa: akikosa mtihani anapata nafuu papo hapo, mwili unazoea kwamba kukimbia ndiyo dawa, na mtihani unaofuata unamshinda zaidi.

Wa pili ni mwanaume, mwanasaikolojia wa kliniki kule Kilimani, shilingi 4,500 kwa dakika 50. Amesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, ile iliyoundwa na sheria ya 2014, na cheti alikitoa hata kabla sijamaliza kuuliza. Kazi yake kubwa ni vijana. Nilitaka kujua atafanya nini hasa, akanieleza hatua kwa hatua: binti atajifunza kulikamata wazo linalowasha hofu, kisha atakisogelea kinachomtisha kidogo kidogo. Maswali matano nyumbani, saa ikiwa mezani. Halafu karatasi nzima. Halafu darasani. Kila baada ya vikao vichache atajaza fomu fupi ionekane kama hofu inapungua. Siri za mtoto atazitunza, isipokuwa kukiwa na hatari ya kujiumiza au kudhulumiwa.

Mimi ningeamua hapo hapo, lakini binti anataka mwanamke. Na Jogoo Road ya jioni unaijua: akiwa na kikao cha saa kumi na moja, kufika nyumbani ni saa mbili usiku. Jumamosi zake mtaalamu huyo zimejaa. Yuko radhi kwa video, ila nyumba yetu ni ya vyumba viwili na wadogo zake hawabanduki kwenye simu. Ataongea nini cha maana wakimsikiliza?

Je, Shangazi, nimsihi ajaribu vikao vitatu kwa huyu mwanaume kisha aamue mwenyewe, au niombe wamtafutie mwanamke mwenye ujuzi huo huo hata kama tutasubiri, mitihani ya mwisho wa muhula ikiwa mlangoni? Na baba yake, ambaye anataka kuketi ndani kila kikao, nimwelezeje asije akaona anafichwa mambo ya mwanawe?

Mama wa Donholm, Nairobi