Kaka, watoto wa dada wasiletwe huku

Kaka mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini wote hapo nyumbani hamjambo, na kwamba miguu ya Mama imepunguza kuuma. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mwanzoni mwa muhula niliugua kidogo, nimeshapona, Mama asiambiwe.

Ujumbe wako, wa kutaka watoto wawili wa marehemu dada yetu waje kusoma huku kwangu na wa kuniomba niwaazime fedha za shule, ulinifikia Jumamosi usiku nikiwa zamu bwenini. Nimeusikiliza mara tatu. Habari ya fedha nitaijibu hapo chini. Lakini lile neno alilotamka Shangazi kikaoni, nawe ukanifikishia bila kulipinga, kwamba nimekuja kulea watoto wa watu na wa damu yangu nimewatupa, limenikwama kama mfupa kooni. Dada nilimzika kwa simu, Kaka. Nilisikia kwaya, nikasikia udongo ukishuka, kisha nikanawa uso nikarudi darasani, maana watoto hawakuwa na mwalimu mwingine mchana ule. Mtu asiniambie nimesahau.

Sasa hili la kuwaombea nafasi hapa shuleni wote wawili, kwa kuwa shule ni ya misheni, haina ada, na mimi nipo. Siwaombei. Si kwamba siwataki. Ningependa kuwaona kila siku, yule mdogo hasa, ambaye nilimwacha hajaota meno. Ila bweni hili halikujengwa kwa ajili ya mtoto mwenye bibi, wajomba watatu na baba aliye hai. Wanaolala humu wameletwa na watu wa ustawi wa jamii baada ya kukosekana wa kuwapokea. Na hata hao, kila likizo tunahangaika kuwatafutia ndugu. Mwaka huu nilifuatana na afisa wa ustawi siku mbili nzima kumtafuta bibi wa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe alichokumbuka ni mlango wa buluu tu na kengele ya kanisa. Tulimpata. Mtoto yuko kwa bibi yake sasa, shule inaendelea kumpa sare na madaftari.

Nikwambie kitu ambacho mgeni hakioni. Wageni wakija hapa, watoto fulani huwakimbilia, huwakumbatia, huwang'ang'ania mikono watu wasiowajua hata jina. Wageni hufurahi sana, husema watoto wana upendo. Sisi tunaowalea moyo hutuuma, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa zamu, huyu asubuhi, yule usiku, mwingine akihama, huanza kumshika yeyote anayepita. Sitaki mtoto wa dada yetu ajifunze hivyo. Katika mafunzo ya ulinzi wa mtoto tulisomeshwa ile Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyekaa na wazazi wake, nayo inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Je, sisi tuna sababu gani nyingine? Shemeji kutaka kuoa tena?

Umenitajia na George Müller, jinsi marehemu Baba alivyokuwa akitusimulia barazani. Namkumbuka vizuri, tena namkumbuka zaidi yako, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa ughaibuni: katoka Prussia, Ujerumani ya leo, kafungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na hadi anafariki mwaka 1898 watoto wapatao 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwake. Lakini Baba alitusimulia pia, wewe labda ulikuwa umeshasinzia, kwamba aliowapokea hapo mwanzo ni wale waliofiwa na wazazi wote wawili. Na kila alichopewa, hata kiwe kidogo namna gani, alikiandika daftarini, na kilichotolewa kwa kazi fulani hakukihamishia kazi nyingine.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu fedha pia. Fedha unazoziona kwenye taarifa za kanisa si zangu. Mfadhili akitoa kwa madawati, yatanunuliwa madawati. Hundi husainiwa na watu wawili, na mkaguzi wa hesabu akija anataka risiti ya kila kitu, mpaka chaki. Kuazima humo "halafu nirudishe" siwezi, Kaka, hata ungenililia.

Umelalamika vilevile kwamba situmi picha za kazi yangu. Nyuso za watoto hawa hatuzitumi kwenye simu za watu, na majina yao hatuyatoi nje. Kwa hiyo nitakueleza kwa maneno, maana nina la kujivunia na sina mwingine wa kumwambia akanielewa.

Alikuja mtoto mmoja, umri wake tuliukadiria kwa meno. Miezi ya mwanzo alilala na viatu miguuni, kamba zimefungwa. Darasani hakufungua mdomo. Nikiita majina, nikifika kwake, anatazama meza; namwekea alama ya kuwepo naendelea. Walimu wengine walisema apelekwe kwingine, huyu hatasoma. Nikakataa. Kila jioni tulikaa wawili na silabi zetu, mimi nasoma, yeye anafuata kwa kidole, kimya. Muhula mzima. Jumatatu moja naingia darasani, nakuta kitabu cha mahudhurio hakipo mezani. Anacho yeye, amesimama mbele. Akaanza kuita majina. Arobaini na matatu, moja baada ya jingine, wenzake wakiitika. Alipofika kwenye lake akanyamaza kidogo, kisha akajiita na kujiitikia, "Nipo." Nikatoka nje nikalia nyuma ya stoo. Tangu muhula huu madarasa yote ya chini yamekabidhiwa kwangu, na mkuu wa shule amesema mbele ya walimu wote kwamba hajapata mwalimu wa kusoma kama mimi. Mwambie na Shangazi.

Usiku taa zikizimwa naimba polepole ule wimbo wa Baba wa jioni, na sauti ya pili haipo. Ni wewe ulikuwa ukiiimba.

Mlinisomea Yakobo 1:27, "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Tazama, Kaka: yatima wapo chumba cha nyuma, na mjane, mama yetu, chumba cha mbele. Msiwatenganishe. Mwiteni Shemeji akae nanyi, aseme mwenyewe mbele ya Mama atawatunza vipi wanawe. Sare na vifaa vyao nabeba mimi kutoka kwenye posho yangu, kila mwezi, na wewe utaniandikia kilichonunuliwa. Nitatuma Ijumaa.

Na viatu nitavituma mwenyewe, kuna mwenzetu anakuja huko likizo. Wasimamishe wote wawili juu ya karatasi, uchore nyayo zao kwa penseli, unipigie picha na rula pembeni. Yule mdogo mshike kisigino, hatatulia.

Mdogo wako akupendaye.