Risala ya Klabu ya Redio kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Redio Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu shuleni kwetu leo, 13 Februari, Siku ya Redio Duniani. Asante kwa kuja kutusikiliza ana kwa ana, maana sauti yetu bado haijavuka geti.

Ndugu Mgeni Rasmi, studio utakayoitembelea ilikuwa stoo ya vitabu. Mwangwi tumeupunguza kwa magodoro chakavu ya bwenini tuliyoyabandika ukutani. Bati la paa hatujalipatia dawa: mvua ikianza, matangazo ya moja kwa moja hukoma, tukapiga vipindi tulivyorekodi na kuhariri kwa programu ya Audacity. Sauti ya mtangazaji huingia kwenye kompyuta yenye programu ya BUTT, nayo huipeleka kwa Icecast, programu inayoigawa kwa wasikilizaji. Programu zote tatu ni za bure. Kwa sasa tunasikika bwaloni na maabara ya kompyuta tu, kwa mtandao wa ndani usiokula bando. Tulidhani taarifa ya habari ndiyo ingependwa. Kumbe wenzetu husubiri matangazo ya vitu vilivyookotwa, hasa ndoo.

Wazazi wanataka kutusikia wakiwa nyumbani. Hapo ndipo penye kazi. Tukirusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde, mzazi mmoja atatumia takribani MB 29 kwa saa. Lakini wazazi 100 wakisikiliza kwa pamoja kutoka kompyuta yetu, shule italazimika kutuma megabiti 6.4 kila sekunde, na laini yetu haiwezi. Njia iliyopo ni kukodi seva nje: sisi tunaipelekea mkondo mmoja, yenyewe inawagawia wote.

Aidha, maudhui ya mtandaoni yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nyimbo za wasanii zina wenyewe. Kwa hiyo tunapiga kwaya yetu na ngoma tulizorekodi sisi, na hatutatoka nje ya geti kabla uongozi haujakamilisha taratibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie inveta na betri, kodi ya seva ya mwaka mmoja, na ushauri wako kwa shule kuhusu leseni. Ikibidi kuchagua, tupatie betri kwanza. Umeme ukikatika studio, seva haina cha kugawa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Redio