Shwari ya alfajiri si wakati wa kupiga dawa ya magugu

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa kusafisha mashamba ukikaribia huku Nyanda za Juu Kusini, wakulima hupewa ushauri uleule: piga dawa asubuhi na mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia. Ni kweli kwamba jua kali na upepo wa mchana hupoteza dawa. Lakini hiyo shwari inayosifiwa ndiyo inayounguza nyanya na maharage kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, nasi tunaomba nafasi tueleze inavyokuwa.

Mchana ardhi yenye joto huipasha hewa iliyoigusa, hewa hiyo hupanda, na vitone vilivyosalia hewani huchukuliwa juu vikatawanyika. Usiku usio na mawingu mambo hupinduka. Ardhi hupoa haraka, hewa ya chini hupoa nayo na kuwa nzito, na juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, mfano wa mfuniko juu ya chungu. Mpinduko huu wa joto huweza kuanza saa moja au mbili kabla ya jua kuzama. Kwa kawaida huvunjika saa moja hadi mbili baada ya jua kuchomoza, ila katika bonde ambalo kivuli cha mlima hakiondoki mapema, hukawia zaidi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kitone chenye upana wa maikroni 100 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) kikiachiwa kutoka urefu wa mita 3 hutua baada ya sekunde 10 hivi. Cha maikroni 20 huchukua dakika 4. Cha maikroni 5 huelea zaidi ya saa nzima. Hewa baridi nayo hutiririka kufuata mteremko kama maji, ikishuka na vitone hivyo kutoka shamba la kilimani hadi kwenye kinyungu cha jirani. Dawa ikiwa ni 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana, kiasi kidogo mno kinatosha: majani machanga ya nyanya hujikunja na kuwa membamba kama vidole, na shina hupinda. Wengi hudhani ni virusi, wakanunua dawa ya inzi weupe wanaoeneza virusi, ambayo haitasaidia kitu.

Kipimo cha kwanza ni moshi. Choma majani mabichi kidogo kando ya shamba, mahali palipofyekwa. Moshi ukipanda na kuvunjikavunjika, hewa inachanganyika. Ukipanda hadi kimo cha paa kisha ukalala kama shuka, acha bomba chini. Ishara nyingine ni umande mzito, ukungu bondeni, vumbi la barabarani linaloning'inia baada ya gari kupita, na sauti za kijiji cha mbali kusikika kana kwamba ni za hapo jirani.

Anayetaka uhakika atumie vipimajoto viwili. Kwanza aviweke pamoja kivulini kwa dakika 15 na kuandika tofauti yao, kwa sababu vya bei nafuu hutofautiana hata kwa nyuzi nzima, na tofauti tunayoitafuta huweza kuwa nusu nyuzi tu. Kisha avifunge kwenye nguzo moja ndani ya shamba, kimoja sentimita 30 juu ya mimea, kingine mita 2.5 hadi 3. Kila kimoja kikingwe jua kwa sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikiachiwa nafasi ya hewa kupita. Asome baada ya dakika 5. Cha juu kikionyesha joto zaidi, mpinduko upo. Makosa tunayoyaona ni kupima karibu na nyumba ya bati, au kutegemea upepo unaoonyeshwa na simu, ambao ni makadirio ya eneo kubwa na ya kimo cha mita 10.

Subiri joto lipande nyuzi 2 hivi kutoka kiwango cha chini kabisa cha alfajiri, na upepo uwe unavuma bila kukatika, kilomita 5 hadi 15 kwa saa, kuelekea mbali na mazao ya mwenzako. Upepo unaosikika usoni na kutikisa majani unatosha. Mara nyingi nafasi hiyo hupatikana kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 5 asubuhi. Jioni, dawa ya magugu iishie saa 10. Tumia nozeli ya feni yenye matone makubwa, shinikizo la chini, na uishike nusu mita juu ya magugu. Bomba la injini linalotoa ukungu lisiguse dawa ya magugu kabisa.

Tunajua kuna pingamizi la nyuki. Dawa ya wadudu kwenye mazao yenye maua hushauriwa jioni ili kuwanusuru, na ushauri huo tunauheshimu. Basi hiyo ipigwe upepo ukiwa bado unavuma, moshi upimwe kwanza, na kazi isimame mara moshi unapolala. Moshi wa mbu hupigwa magharibi kwa makusudi, ili ukungu wa dawa uelee chini walipo mbu. Shambani hatutaki hilo.

Nchini Australia wakulima wa nafaka na pamba wana mtandao wa minara takriban 100 inayopima uthabiti wa hewa na kuwajulisha kama mpinduko upo. Hatuombi minara 100. Tunaiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa iongeze kipimajoto cha pili, kimo cha mita 10, kwenye vituo vyake vya Iringa, Njombe na Mbeya, na tofauti hiyo isomwe redioni kila asubuhi kuanzia Oktoba hadi Januari. Nayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu idai lebo za dawa za magugu ziandikwe kwa Kiswahili: "Usipige dawa wakati moshi umelala."

Maafisa ugani,
Nyanda za Juu Kusini