Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Midoli itoke kabatini, iingie leba

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya hapa mkoani, na wanafunzi wa uuguzi na ukunga wanaokuja kwa mazoezi hupitia mikononi mwangu. Nakuandikia kuhusu midoli ya kufundishia: ule wa kumpumulisha mtoto mchanga na ule wa kudhibiti damu baada ya kujifungua. Naomba iwekwe leba, na wakunga walio zamu waifanyie mazoezi kila wiki.

Wanafunzi tunaoletewa si wavivu. Ukiwauliza hatua za kumsaidia mtoto asiyelia, wanazitaja zote bila kukwama. Lakini nimemshuhudia mmoja wa mwaka wa mwisho, mtoto amezaliwa kimya, amekaushwa na bado hapumui. Kijana kashika ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpa mtoto hewa, barakoa yake imekaa upande, kichwa cha mtoto kimeinamia kifuani. Anabonyeza, hewa inavujia shavuni, kifua hakinyanyuki. Tunazo sekunde 60 tu za kuanza kumpa hewa, ndiyo maana tunaiita dakika ya dhahabu. Huwezi kusimama pale ukafundisha. Nilimsogeza, nikanyoosha shingo ya mtoto kidogo, nikakaza barakoa, mtoto akalia. Mama alifurahi. Yule kijana aliondoka na woga tu, na mwaka uliofuata alikuwa mwajiriwa, peke yake, zamu ya usiku.

Kwenye mdoli angekosea hata mara ishirini bila kumdhuru mtu, hadi mkono wake ujue wenyewe ni wakati gani kifua kimepanda. Chuoni kwao midoli ipo. Aliniambia hutolewa karibu na mitihani, kisha inarudi kabatini.

Na ushahidi hatuna haja ya kuuazima mbali. Kule hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iligundulika kwamba semina ya siku moja iliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwenye mdoli, lakini kwa watoto halisi mambo yalibaki yaleyale. Walipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Baadaye mpango huo uliongezewa vifaa na ufuatiliaji, ukapelekwa katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya wazazi vilipungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto katika siku ya kwanza kwa asilimia 40. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatukuwemo.

Tazama pia takwimu za taifa. Kati ya utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vya watoto wachanga vilitoka 25 hadi 24 kwa kila 1,000. Mama anayetokwa damu Kyela au Chunya, akishaanza kutibiwa, bado anaweza kupakiwa kwenye ambulansi akapandishwa hadi Meta, hospitali ya rufaa ya wazazi jijini Mbeya. Mtoto asiyepumua hana rufaa. Anaokolewa na aliyesimama pale kitandani, au haokolewi.

Semina za mjini hazitoshi. Wanaitwa wawili kutoka kila kituo, wanarudi na vyeti, mmoja anahamishwa, na waliobaki zamu hawajagusa kitu. Tatizo jingine ni la kimfumo: vyuo vya serikali viko chini ya Wizara ya Afya, hospitali zetu za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mdoli wa chuo hauvuki geti kuja hospitali hata kama majengo yanatazamana. Wewe ndiye unayeweza kuwaita wakuu wa vyuo na Waganga Wakuu wa Halmashauri meza moja, wakaandikiana kwamba midoli itumike pande zote mbili.

Jengo jipya halihitajiki. Inahitajika meza pembeni ya leba, mkunga mmoja kila kituo mwenye jukumu hilo kwa barua, na dakika 10 wakati wa kukabidhiana zamu, mwanafunzi na mwajiriwa pamoja. Pale vifaa visipokuwepo kabisa, viingie kwenye bajeti ya halmashauri pamoja na ambu na barakoa.

Tunapokaa vikao vya kujadili vifo vya wazazi na watoto wachanga, azimio huwa “mafunzo kazini yafanyike”. Naomba kuanzia kikao kijacho kila Mganga Mkuu wa Halmashauri aulizwe kwa jina la kituo: mdoli uko wapi, na nani aliufanyia mazoezi wiki iliyopita?

Wako katika kazi,
Mkunga, Mbeya