Kaboni haipunguzi uzito kama resini haikupimwa

Mhariri,

Siku hizi hapa Tanga, ukikaa na vijana wanaopenda ndege ndogo za kuunda nyumbani, husikii jingine ila kaboni, yaani kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni kinachogandishwa kwa resini (gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu). Kila kipande wanataka kiwe cha kaboni, kuanzia kifuniko cha gurudumu hadi kiti cha rubani, na wapo walioshaagiza vitambaa. Hatuna ugomvi na kaboni. Tunachopinga ni dhana kwamba kitambaa kikishakuwa cheusi basi kipande kimeshakuwa chepesi. Uzito wa kipande unaamuliwa na resini iliyobaki ndani yake, na kwa hali ya hewa ya pwani yetu resini ndiyo yenye matata.

Hesabu yenyewe ni fupi, lakini ndiyo inayorukwa. Kitambaa kinachotumika sana kwa kazi hizi kina gramu 200 kwa mita moja ya mraba. Chukua kifuniko cha gurudumu chenye eneo la nusu mita ya mraba, tabaka tatu: hapo kitambaa ni gramu 300. Fundi makini anayefanya kwa mkono na rola anaweza kuishia na resini yenye uzito sawa na kitambaa, kipande kikatoka gramu 600. Akibana kwa kunyonya hewa, resini inashuka hadi kama gramu 200, jumla 500. Anayemimina kwa kukisia hufikisha hata gramu 600 za resini. Kipande chake cha gramu 900 kinazidiwa wepesi na cha faiba ya kawaida, ile ya nyuzi za kioo, kilichofanywa vizuri, tena kwa bei kubwa zaidi.

Mafundi wengi wa boti wanashangaa kwa nini wao, wenye mkono mzuri kwenye faiba, wanaharibu kaboni. Sababu ni macho. Faiba ya kioo ikilowa inang'aa na kuonyesha chini, kwa hiyo pakavu panajionyesha penyewe. Kaboni ni nyeusi ikiwa kavu na nyeusi vilevile ikiwa imelowa. Fundi akiwa na shaka anaongeza, na akiongeza hajui amefika wapi. Dawa yake ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kulowanisha kitambaa nje ya kalibu. Tandaza nailoni nene mezani, laza kitambaa, mimina resini uliyoipima, funika kwa nailoni ya pili, kisha sukuma kwa kipande cha plastiki kigumu kutoka katikati kwenda pembeni. Geuza, kagua upande wa pili, sukuma tena. Kata kwa mkasi kitambaa kikiwa bado katikati ya nailoni mbili. Nyuzi hazichomoki wala hazipindi. Bandua nailoni moja, laza kwenye kalibu, ndipo ubandue ya pili.

Tabia nyingine ya kuiacha kwenye boti ni ile ya kucheza na hadena, dawa inayochanganywa na resini ili igande. Kwenye resini ya poliesta ya boti unaongeza matone kidogo kazi ikawahi kukauka, na hakuna kubwa linaloharibika. Epoksi, resini tunayotumia kwenye kaboni, haiko hivyo. Resini na hadena huungana kwa uwiano maalumu. Hadena ikizidi inabaki ndani bila kuungana na chochote, na kipande kinakuwa laini daima. Mfano ni resini ya MGS L285 inayotumika sana kwenye ndege nyepesi: uwiano wake ni 100 kwa 40 kwa uzani, ila kwa ujazo ni 100 kwa 50. Mtu akisoma namba ya uzani halafu akapima kwa kikombe, ameshaharibu kabla ya kuanza. Kwa kifuniko chetu andaa mchanganyiko wa gramu 350, yaani resini 250 na hadena 100. Zinazozidi zitabaki kwenye brashi na nailoni. Koroga dakika tatu, hamishia chombo cha pili, koroga tena, maana iliyoganda ukutani mwa kikombe cha kwanza haijachanganyika. Thina usiitie hata tone.

Lakini usichanganye gramu zote 350 kwa mkupuo. Epoksi inajipasha moto yenyewe, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe joto halina pa kutokea. Kwa joto letu la Januari kikombe hutoa moshi kabla hujamaliza tabaka la kwanza. Changanya gramu 140 (100 na 40), mimina kwenye sinia pana, kisha rudia. Agiza hadena ya polepole. Kwa L285 hiyo ni 287.

Unyevu ni adui mwingine. Wengi hukimbilia alfajiri kwa sababu kuna ubaridi, kumbe saa hizo ndizo hewa yetu inakuwa na unyevu mwingi zaidi. Hadena hunyonya unyevu huo, na kesho yake unakuta utando wa mafuta mafuta juu ya kipande, ambao tabaka linalofuata halitashika. Usiupige msasa mkavu, utausambaza tu: osha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sponji ya kusugulia, kausha, ndipo msasa ufuate. Afadhali zaidi ni chumba chenye kiyoyozi, nyuzijoto 25 hivi, na kitambaa kilale humo siku nzima kabla ya kazi, hasa wakati wa masika. Kopo lililokaa kwenye baridi lisifunguliwe nje mpaka lipate joto la pale lilipo; likifunguliwa likiwa baridi, umande unaingia ndani. Na kama unalaza kitambaa juu ya povu gumu, anza jioni joto linaposhuka. Ukianza asubuhi, hewa iliyomo ndani ya povu inatanuka kadiri jua linavyopanda na kukuachia vitundu kama vya sindano kila mahali.

Kuhusu kalibu, hapa Tanga tuna bahati ya katani. Plasta iliyoimarishwa kwa mashada ya katani yaliyochovywa humohumo inatoa kalibu imara na ya bei ndogo. Iache ikauke wiki mbili au zaidi, paka vanishi ya epoksi (plasta tupu inapitisha hewa), piga msasa wa maji hadi namba 600, kisha nta mara tano ukisubiri kati ya mkono na mkono. Kona zisiwe kali: chini ya milimita 5 za mviringo, kaboni inakataa kukaa na inaacha daraja lenye hewa chini yake. Wanaotaka katani hiyohiyo iingie kwenye kipande chenyewe badala ya kaboni, tunawaambia hapana. Inanyonya maji na uimara wake unatofautiana shada kwa shada. Ibaki kwenye kalibu.

Kubana kwa ombwe hakuhitaji mtambo wa Ulaya. Kompresa ya friji bovu inatosha, mradi uweke chupa ya mtego ili resini isiingie ndani yake, na uzibe kila tundu, maana inavuta hewa kidogo kidogo. Juu ya kaboni inakuja nailoni ya kubandulia, kisha plastiki yenye vitundu, kisha kitambaa cha sufi cha kupitishia hewa, halafu mfuko. Lenga mvuto wa baa 0.7, yaani kama asilimia 70 ya kanieneo ya hewa. Kwenye nusu mita yetu ya mraba hiyo ni nguvu ya tani tatu na nusu, kwa hiyo kunjo dogo la mfuko litachapwa kwenye kipande kama muhuri. Ukivuta zaidi ya hapo resini inanyonywa kupita kiasi na uso unabaki na vinyweleo.

Kipande kikikauka usikitoe haraka. Epoksi iliyokauka kwa joto la chumba tu huanza kulegea kwenye nyuzijoto 55 hadi 60, na kitu cheusi kilichoachwa uwanjani juani huvuka 70. Kikiwa bado kwenye kalibu, kipike ndani ya sanduku la plaiwudi lililozibwa kwa povu, kwa balbu au kwa hita ndogo yenye feni: panda nyuzijoto kumi kwa saa, kaa kati ya 50 na 55 kwa saa 15, kisha kishuke chenyewe. Baadaye kipake rangi nyeupe. Kuacha weusi wazi kwa ajili ya picha ni anasa ambayo jua la hapa haliruhusu.

Chumvi ya bahari nayo. Kaboni ikigusana na alumini mahali penye unyevu wa chumvi, alumini inaliwa haraka; riveti inabaki unga mweupe. Weka tabaka moja jembamba la faiba ya kioo kati yake, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na washa pana, na tundu la bolti lisiwe karibu na ukingo kuliko mara tatu ya kipenyo chake. Antena ya redio isifungwe ndani ya kipande cha kaboni, kwani mawimbi hayapiti. Hapo rudi kwenye faiba ya kioo. Vumbi la kaboni linapitisha umeme na linaua mashine za msasa, na mapafuni ni baya zaidi: msasa uwe wa maji na barakoa iwe ya kuchuja vumbi kweli, si ya kitambaa. Hadena nayo ikishazoea ngozi inaleta mzio usiopona, basi glavu za nitrili ni lazima, na mikono isioshwe kwa asetoni.

Kwa anayeanza, vipande vinavyofaa ni vifuniko vya magurudumu, vifuniko vya ukaguzi, ncha za mabawa na dashibodi. Mhimili wa bawa hapana. Eleroni (vibawa vinavyocheza nyuma ya bawa) na usukani wa mkia navyo visiguswe bila mchoro wa mbunifu: uzito ukibadilika nyuma ya bawaba, hata kwa tabaka la puti na rangi tu, mlingano unapotea na sehemu hiyo inaweza kuanza kutetemeka angani mpaka ikavunjika. Kila kipande kigongwe kwa sarafu kote kote. Panapolia butu pana hewa kati ya tabaka, na kipande hicho hakifungwi. Uzito wa kitambaa, wa resini na wa kipande kilichokamilika uandikwe daftarini pamoja na tarehe na joto la chumba, na daftari hilo lipelekwe pamoja na michoro Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania mapema, kabla ndege haijafunikwa.

Mafundi wa faiba na resini,
Raskazone, Tanga