Tauni ya 1902 haikuletwa na uchafu wa Wahindi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu tauni ya Nairobi imenitoa kimya. Mwandishi wenu anatueleza kwamba mwaka 1902 ugonjwa ulizuka sokoni kwa Wahindi kwa sababu ya uchafu wao, daktari wa serikali akaamuru soko lichomwe moto, na mji ukapona. Basi.

Mji haukupona. Tauni ilirudi tena na tena katika miaka iliyofuata. Na kabla ya kuwalaumu wenye maduka, angeuliza ni nani aliyewaweka pale. Reli ilipofika 1899, ilijenga kambi na karakana kwenye uwanda wa udongo mweusi unaotuamisha maji. Wakubwa wa reli walipanda kujenga kilimani. Wachuuzi na vibarua walibaki bondeni, wamebanana, bila mitaro ya maana, huku magunia ya nafaka yakilala pamoja na panya. Madaktari wa serikali wenyewe walilalamika kwamba mahali hapo hapafai mji.

Halafu likaja jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, nalo ndilo kiini. Mwaka 1913 wakoloni walimleta Profesa William Simpson kutoka London, mtaalamu wa afya ya miji. Huyu ndiye aliyewahi kuishauri serikali kuhusu tauni ya 1901 huko Cape Town, mwaka ambao Waafrika wa mji ule walihamishwa kwa nguvu hadi Uitvlugt, nje ya mji, palipokuja kuitwa Ndabeni. Anapofika Nairobi, siri ya tauni imeshafichuliwa: daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alikwisha kueleza, baada ya kazi yake ya 1898 huko Karachi, kwamba kiroboto wa panya ndiye anayeibeba, na uchunguzi uliofuata India ukathibitisha. Kazi ilikuwa kuwaua panya, kujenga maghala wasiyoweza kuyaingia na kuchimba mitaro kwa kila mtu. Simpson akapendekeza Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na akauita mpango huo afya! Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, ulikataa kuwatenga wakazi wa mijini kwa sheria, lakini hati za viwanja ziliendelea kuandikwa masharti ya nani asiuziwe. Waafrika wakasukumwa Pumwani, mtaa waliotengewa. Kijiji cha Pangani, chenye wazee wa Kiswahili waliojenga kwa mikono yao, kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa mwingine wa Waafrika. Hospitali nazo zikagawanywa. Hii tunayoiita Kenyatta ilianza 1901 kama hospitali ya wenyeji, Wazungu wakiwa na yao.

Haya si ya kale kwangu. Wakati mmoja wa kipindupindu nilimpeleka mpwa wangu hospitali ya binafsi, anatapika, anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani. Karani wa mapokezi aliuliza kwanza anaishi wapi. Niliposema Mathare, mtaa wa mabanda, tuliambiwa tukangoje nje, kwenye benchi karibu na lango. Akaja bwana mmoja mwenye dalili zile zile, akataja Lavington, mtaa wa matajiri, akaletewa kiti cha magurudumu. Mimi nimetundika dripu maisha yangu yote ya kazi. Najua mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache, na najua maji yenye chumvi na sukari yakimfikia mapema huinuka. Nilikaa kwenye benchi lile nikimnywesha kwa kijiko mchanganyiko huo niliotoka nao nyumbani, hadi daktari kijana alipotoka akapiga kelele kwa niaba yetu. Mpwa wangu alipona. Hakuna aliyetuomba radhi.

Na ninyi, wahariri, mna sehemu yenu. Kila kipindupindu kinapotajwa mnachapa picha ya mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru akiruka mtaro wa maji machafu, mara nyingi uso wake unaonekana wazi, na sidhani mama yake huulizwa. Mwaka 2017 kiliwapata wajumbe wa mkutano wa masuala ya afya katika hoteli ya Nairobi. Jiko la hoteli ile sikuliona gazetini.

Naomba mambo mawili. Jumapili ijayo, kwenye ukurasa ule ule na kwa ukubwa ule ule, chapeni ramani ya Nairobi ya miaka ile ya kwanza: reli, bondeni pa maji, soko, na nyumba za kilimani, kila kimoja kikiwa na jina lake. Na kipindupindu kikizuka tena, mpiga picha wenu amwache mtoto. Apige bomba lisilotoa maji, na chini yake mwandike tarehe ambayo wakazi wanasema yalitoka mara ya mwisho, na bei wanayoyanunulia kwa mtungi.

Muuguzi mstaafu,
Eastlands, Nairobi